Simama Nikuguse

Jamani, chekeni taratibu, maana aibu hii bado mbichi, na hadi leo basi likipita Mikumi mimi huinama kujifanya natafuta kiatu.

Sisi walimu wa Kilosa tulialikwa na walimu wenzetu wa Mikumi kucheza besiboli, mchezo ambao mwalimu wetu wa michezo, Sefu, aliujulia chuoni akatuambukiza wote. Ijumaa alituita kutufundisha kanuni, lakini mimi nilikuwa Mabwerebwere kwa msusi, nimesukwa nusu kichwa (ungetoka hivyo wewe?), nikajisemea kanuni nitazikuta hukohuko. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Kesho yake ndani ya basi mwenzangu Mwajuma akaamua kuniokoa. Timu ina watu tisa, akasema: mrushaji katikati, mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji, wanne wanalinda karibu, watatu wako mbali kabisa. Vituo ni vinne, vimekaa kama almasi, toka kimoja hadi kingine mita ishirini na saba na kitu. Ukikosa mpira mara tatu unatolewa, ukiupiga unakimbia. "Unaanza cha kwanza, unakwenda cha pili, cha tatu, halafu..." Muuza karanga akagonga dirisha, tukanunua, na somo likaishia hapo.

Sasa niwaambie, nilipiga! Sijui mpira ulinionaje, ila ulikwenda mbali, nikakimbia hadi kituo cha tatu huku wenzangu wakipiga vigelegele. Matokeo yalikuwa sare, na mimi ndiye niliyekuwa naubeba ushindi. Mwajuma akapiga na yeye, na hapo Sefu akaruka kama kaungua, mkono kauelekeza upande wa barabara, anapiga kelele:

"Nyumbani! Kimbia nyumbani! Haraka!"

Asubuhi nilikuwa nimemwacha mama analalamika presha. Ndugu zangu, moyo ulishuka hadi kwenye soksi. Nikakimbia kweli, nikakipita kile kibao cheupe alipokuwa mdakaji (nilikiruka, nisijikwae), nikaupita umati, nikatokea barabarani nalia, "Mama yangu! Mama yangu!"

Kumbe kile kibao cheupe ndicho nyumbani. Ningekikanyaga tu tungeshinda.

Mdakaji wa Mikumi, baba mmoja mnene mwenye barakoa ya vyuma usoni, mpira ukamfika mkononi. Kanuni inamruhusu akanyage kibao, amwambie mwamuzi, yaishe, ila naye nadhani Ijumaa yake ilikuwa kama yangu, kwa sababu alinifuata mbio hadi barabarani akipaza sauti:

"Dada! Simama nikuguse! Nikuguse tu!"

Hebu fikirieni walioko barabarani wanaona nini. Kijana wa bodaboda akawasha pikipiki. "Dada, panda upesi, huyu si mtu mzuri." Nikapanda. Mama mmoja muuza nyanya akamzuia yule baba kwa ndoo. "Na uzee huo, huoni haya?"

Mbele kidogo tukasimama, nikamwomba kijana simu, maana yangu ilibaki kwenye begi, nikampigia mama.

"Shikamoo mama, unaendeleaje?"

"Marahaba. Nakula. Kwani vipi, mbona unahema?"

Kabla sijajibu, yule baba alikuwa amejinasua, amefika, jasho linamtiririka hadi kwenye barakoa, akanigongesha mpira begani akapiga kelele kwa furaha, "Nimekugusa! Kwisha kazi yako!"

Mama akauliza simuni, taratibu kabisa, "Mwanangu, nani huyo amekugusa?"

Tulirudi uwanjani kwa miguu mimi na yule baba, tukiombana radhi njia nzima. Mwamuzi akanitoa. Alisema mkimbiaji akiacha njia yake anatolewa, na Sefu, sauti imemkauka, akamjibu, "Huyu hakuacha njia, mwamuzi, ameacha mchezo." Zamu ya Mikumi kupiga ikafika, tukafungwa. Kwenye basi la kurudi hakuna aliyenisema, ila kila tulipokaribia kituo mtu mmoja nyuma alikuwa anaita "Nyumbani!" na basi zima linaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje?

Tangu siku hiyo nimeapa: hata ukinialika kucheza karata, utanieleza mwanzo hadi mwisho, na muuza karanga atasubiri. Tatizo lililobaki ni mama, kwa sababu presha imeshuka vizuri, ila kila Jumamosi ananiuliza kama yule baba mwenye mpira ana mke.