Ukurasa Ulioelekea Ukutani

Msiniambie nilikuwa na malaria. Klorokwini nilimeza, na bado yule msichana alikuja. Nimesoma chuo kikuu. Mtu akinisimulia habari za mizimu, huwa namuuliza: nani mwingine aliona? Kwa hiyo kisa hiki kinaniudhi mimi kabla hakijawaudhi ninyi. Lakini kilitokea.

Nilipopelekwa kufundisha Mtwara, nilipanga chumba Magomeni kwa mjane wa Kimakonde, Mama Vero. Vero alikuwa binti yake wa pekee, aliyefariki kwa homa kabla sijafika, na chumba kilikuwa chake. Kuta za udongo alizifunika kwa kurasa za magazeti: wapiga gita wenye suruali za bugaluu, wasichana wa nywele za afro, matangazo ya poda. Karibu na mlango alibandika hadithi ya picha, ukurasa baada ya ukurasa, ya mpiga gita na nesi. Gundi yake uji wa muhogo. Mama alinipa sharti moja: "Mwalimu, ukuta usiuguse."

Sasa sikilizeni. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, nimerudi kula. Mlango nimeufunga kwa komeo, maana kuku wa jirani hawana adabu. Nainua macho, msichana wa gauni la njano amesimama mbele ya ile hadithi.

"Wewe umeingilia wapi?"

"Mwalimu, nyuma ya ukurasa huu pameandikwa nini?" Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anaonyesha picha kubwa ya mpiga gita akicheka.

"Nyuma kuna udongo."

"Acha utani. Nyuma ndiko uliko mwisho wa hadithi. Meli ilileta gazeti niko kitandani, hata kukaa siwezi. Mama hajui kusoma. Kaona picha nzuri, kaibandika niitazame. Nikaona haya kumwambia."

Nikainama kuweka sahani chini. Nilipoinuka, hayupo. Komeo liko palepale.

Akaja kesho yake. Akaja tena na tena. Niaminini, hakuna kinachochosha kama mzuka mwenye swali moja. Hatishi, halii, anauliza tu.

"Si ubandue?"

"Mama yako kanikataza."

"Msomi mzima, unamwogopa mama yangu?"

Nilimwogopa, ndiyo. Ule ukurasa ulikuwa kitu cha mwisho alichomfanyia mwanawe. Ningemwambiaje kwamba aliubandika vibaya?

Mwishowe uvumilivu ukaniisha, nikamwita Mama Vero nikamweleza yote. Nilitarajia matusi. Akaketi kitandani.

"Gauni la njano?"

"La njano, mama."

"Ndilo tulilomzika nalo." Akashusha pumzi. "Nilijua liko neno. Nilipobandika aliniambia ahsante, kisha akageuza uso. Hakunena tena. Mpaka leo najiuliza, nilimkosea nini mtoto yule?"

Akaleta maji ya moto na kitambaa, akaulowesha ukuta kwa mkono wake mwenyewe. Ukurasa ukaachia taratibu, nikaugeuza. Mende walikuwa wamekula uji pamoja na maandishi. Ilibaki picha moja, nesi akifungua mlango. Chini yake, matundu matupu.

"Soma," akasema Mama.

Nami, mdai ushahidi wa kila kitu, nikasoma yasiyokuwepo: "Mpiga gita akarudi, wakaoana, wakaishi raha mstarehe."

"Mwongo!" ikasema sauti penye ukuta.

Safari hii sikusikia peke yangu. Mama alidondosha kitambaa, akacheka huku machozi yanamtoka. "Ndiye! Ndiye Vero wangu! Habari za kuoana hakuzikubali hata siku moja!" Kisha akauelekea ukuta. "Mwanangu, mama hakujua. Ungeniambia tu."

Vero hajarudi tangu siku ile, na mama yake siku hizi anaimba akitwanga. Aliyeharibikiwa ni mimi. Kila adhuhuri najikuta natazama ile sehemu tupu ya ukuta. Meli ikitia nanga nakwenda bandarini kuulizia gazeti la zamani, makarani wananicheka. Na jioni Mama Vero ananiletea gazeti jipya: "Soma mpaka mwisho, Mwalimu. Na usiongeze."

Basi ninyi mnaopamba vyumba, kabla hamjapaka uji wa muhogo, geuzeni ukurasa. Someni upande wa pili kwa sauti, mwenye gazeti akisikia. Kama mnaona uvivu, shauri yenu. Lakini chumba hicho msinipangishe mimi.