Lidwina Hakutoa Tumbaku

Ukitaka kumjua Lidwina, muulize aliyewahi kulinda naye moto kwenye bani la kukaushia tumbaku. Namtumbo nzima nani wa kumshinda? Moto ukizidi, wenzake wanakimbilia kunusuru majani, wanayatoa kabla hayajakauka, wanaharibu kila kitu. Yeye hatoi hata jani moja. Anavuta magogo mawili nje, anasubiri.

Mwaka 2005 mumewe, Fulgence, alianza dawa za virusi vya Ukimwi. Wiki ya tatu akaomba ugali mwenyewe. Ya tano akashika jembe, na Lidwina kwa furaha akachinja kuku. Ya sita, balaa! Kichwa kikawa kinampasua Fulgence, akaanza kuropoka, jicho moja likaenda upande.

"Si nilisema?" Longino, kaka yake Fulgence, alikuja juu. "Hizo hizo dawa ndizo zinamuua. Lete hivyo vidonge nivitie chooni!"

Ukoo mzima ukaitikia. Lidwina aliogopa, tusidanganyane. Lakini kopo la vidonge alilifunga kwenye pindo la khanga.

"Shemeji, nakuheshimu. Ila hili utalichukua mimi nikiwa maiti."

Akampakia mumewe kwenye lori la mahindi hadi Songea, na saa ya dawa ilipofika akammezesha humo humo juu ya magunia.

Hospitalini daktari alimpima Fulgence, akamtoa maji mgongoni, kisha akamwita Lidwina.

"Mama, TB ilikuwa imejificha kichwani, kinga ya mwili imelala. Dawa zimeiamsha kinga, imemkuta adui, inapigana naye kwa fujo mpaka ubongo unavimba. Tutatibu TB na kutuliza uvimbe. Za virusi asiache."

"Kumbe moto umezidi tu," Lidwina akasema. "Basi tunapunguza kuni. Tumbaku hatutoi."

Daktari akacheka, akamwomba ayarudie maneno hayo mbele ya wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi. Akayarudia, kifua mbele. Kwa nini asiringe?

Fulgence alirudi nyumbani kwa miguu yake, akichechemea kidogo, na msimu huo akalima.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Longino alifika amekonda, kichwa amekifunga kitambaa. Hata kukaa hakukaa. Akatoa kopo mfukoni, akamkabidhi Lidwina.

"Shemeji, nishikie wewe. Wiki ya tano hii nameza dawa zile zile, kichwa kinaniuma, na mimi najijua, nitazitupa."

Lidwina akalifunga kwenye pindo la khanga, akatoka kwenda kuulizia lori la Songea.