Bibi na Jirani Walipokuwa Wakinong'ona kwa Kiluguru

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha mbinu ya kushika misamiati haraka. Alisema kila neno ulipe mahali pa kukaa: moja mlangoni, moja dirishani, moja juu ya kitanda, halafu upite kichwani mwako ukiyaokota. Darasa zima likaona ni jambo jipya kabisa. Mimi nikacheka peke yangu, mpaka jirani yangu wa dawati akanigeukia. "We bubu, leo unacheka nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Kumbe kilikuwepo, ila ni kirefu na mimi kuongea mbele za watu siwezi. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mbinu ile naijua tangu nikiwa darasa la pili, na hakuna aliyenifundisha. Hofu ndiyo iliyonifundisha.

Baba alipofariki, mama alipata kibarua kwenye mashamba ya miwa. Akabaki na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, mimi nikapandishwa milimani kwa bibi mzaa mama, juu ya Mkuyuni, kule ambako ukitoka mlangoni unaanza ama kupanda ama kushuka. Nilikuwa najua Kiswahili tu. Bibi naye alinisemesha Kiswahili, cha taratibu. "Mke mwenzangu, umeamkaje? Njoo ule magimbi yangali moto." Nyumba yote ilinukia moshi na pilipili manga iliyoanikwa kwenye mkeka uani, na nilipenda sana kukaa pale nikiichagua punje.

Shida ilikuwa jirani. Mama yule alikuwa anakuja karibu kila alasiri, mkono mmoja kiunoni, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba vizuri tu. Halafu nikisogea karibu, wote wawili wanashusha sauti na kuingia kwenye Kiluguru. Wee, kile Kiluguru kilikuwa kinakimbia kama maji ya mtoni! Sikuambulia kitu. Ila majina hayana lugha. Katikati ya yale yote nikasikia jina langu. Kesho yake tena. Na siku nyingine, jina langu likafuatana na Ngerengere.

Ngerengere ndiko alikokuwa akiishi shangazi, dada yake baba.

Hapo moyo wangu ukaacha kutulia. Shangazi sikuwa namjua, zaidi ya kwamba kwenye msiba alinishika kidevu akanikagua kama mtu anayechagua kuku. Kwa kina baba mtoto ni wa upande wa baba, hilo nililisikia tangu mdogo. Kwa hiyo nikajua: wananipangia safari. Kuuliza nikaona aibu. Nikaamua nitakijua hicho Kiluguru kabla hawajanifungia mzigo.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mbuzi wa jirani. Usicheke. Mbuzi anafokewa maneno yale yale kila siku, na ukiangalia anachofanyiwa unajua maana: simama, toka, rudi, usile hicho. Mbuzi na mimi tulikuwa darasa moja, na nadhani nilimpita kidogo.

Maneno niliyoyapata niliyapanga kwenye njia ya kwenda mtoni. Kwenye jiwe kubwa niliweka *mazi*, yaani maji. Kwenye migomba nikaweka *mgunda*, yaani shamba. Nikishuka na ndoo tupu nayasema yote kwa mpangilio, nikipanda na ndoo kichwani nayasema kinyumenyume. Nikilisahau moja sipiti. Nasimama palepale, maji yananidondokea shingoni, mpaka lije. Na neno linakuja haraka sana mtu ukiwa umetwishwa ndoo.

Nilikuwa na ujanja mwingine. Sikukariri neno peke yake, nililikariri na mkono wa aliyelisema. Bibi alipoelekeza kidole kwangu akasema *mwana*, nikalishika pamoja na kile kidole. *Lukolo* nikalishika pamoja na kiganja chake kifuani. Lilikuwa linafuatwa na majina ya ndugu, nikajua ni ukoo.

Basi alasiri moja nachagua pilipili, nikayasikia yote yakija kwa mfululizo: mwana, lukolo, mgunda, Ngerengere. Nikaunganisha mwenyewe. Mtoto anarudi kwa ukoo wake Ngerengere, shamba lipate mtu mwingine. Machozi yakaja. Nikasimama, mimi nisiyeongea, nikasema kwa Kiluguru sentensi nzima ya kwanza maishani mwangu: siendi Ngerengere!

Halafu jirani akacheka mpaka akaupiga teke mkeka, pilipili zikatawanyika uani. "Mama wee, huyu kaiva! Kaiva kabisa!"

Bibi alinivuta akanikalisha. "Nani kakwambia unaenda?"

"Nyie. Mmesema mtoto ni wa ukoo wake."

"Ndiyo. Na ukoo wako ni upi?" Akaweka kiganja kifuani, vilevile. "Huku kwetu mtoto ni wa mama. Shangazi yako kaomba akuchukue, nimemjibu hashuki mtu hapa. Na lile shamba la chini, la migomba, ni lako. Ndiyo tulikuwa tunasema."

Maneno niliyapata yote sawasawa, nikayasoma kwa desturi ya upande wa baba.

"Sasa kwa nini mlinong'ona?"

Bibi akatabasamu. "Ningekufundisha kwa upole ungelala. Nikakuacha unishuku."

Mpaka leo sijui kama nimwamini. Huenda alipanga kweli. Huenda alikuwa ananisema tu kama wanawake wanavyosema, akapata jibu zuri pale pale. Bibi alikuwa mjanja hivyo, na hayupo tena nimuulize.

Likizo iliyopita nilipanda na mdogo wangu. Migomba yangu ipo, jiwe lipo. Ila jirani siku hizi anaongea Kiswahili na kila mtu, hata mbuzi wanafokewa kwa Kiswahili. Watoto hawafichwi kitu, basi hawana cha kutafuta. Niliposhuka mtoni kuyaokota maneno yangu, baadhi ya mahali palikuwa patupu. Nilisimama kwenye kona moja ya njia muda mrefu, neno lake halikuja.

Jioni tulikaa uani na jirani, mdogo wangu pembeni anatafuna muwa. Nikamsogelea yule mama, nikashusha sauti, nikasema kwa Kiluguru yale machache yaliyobaki: maji, shamba, mtoto. Hayakuwa na maana yoyote. Katikati nikaweka jina la mdogo wangu, wazi kabisa. Jirani akanitazama, kisha akashusha sauti yake pia, akanijibu kirefu.

Mdogo wangu akaacha kutafuna. "Dada, mnanisema?"

"Hapana," nikamwambia.

Akatusogelea.