Siku Nilipomwozesha Masika kwa Kaka Yake

Aibu hii nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kwa kuwa Bwera nzima inaijua, bora muisikie kwangu mimi niliyeipika mwenyewe.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu kwenye kibanda cha video: Mzungu akisema maneno kumi, mimi nayasema thelathini kwenye maikrofoni, na watu wanapenda (wanasema wenyewe, siyo mimi). Jumapili moja baada ya misa akaja Mzee Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, baba yake Kabugho wangu, kuiona kazi ya kijana anayemposa binti yake. Akakaa mbele kabisa, Kabugho pembeni.

Filamu ilikuwa mpya, zile za watu wanaojiuliza kama dunia ni ya kweli, nami sikuwa nimeiangalia hata kidogo (nilikuwa napiga shati pasi). Nikasema aa, nitajua mbele ya safari. Mwanamume wa kwanza nikamwita Baluku, wa pili Bwambale, msichana Masika. Sasa kwetu Wakonzo, na kwa ndugu zetu Wanande, kabila la mzee, majina yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, kifungua mimba wa kiume Baluku, anayemfuata Bwambale, binti wa kwanza Masika, basi ili hadithi inoge nikawafanya watoto wa mama mmoja. Wakifungua mlango na kutokea dunia nyingine, nasema wamevuka mpaka pale Mpondwe. Wakirudi, nasema wamesahau mihogo. Watu wanacheka, mzee anajipiga mapaja, mimi moyoni nishaoa.

Ghafla Baluku akamshika Masika kiunoni, akambusu, na wala halikuwa busu la ndugu. Nikaivamia rimoti nirushe mbele, nikabonyeza kitufe kisicho chenyewe, picha ikaganda palepale, mdomo kwa mdomo. Katekista, aliyekuwa kati ya watazamaji, akafanya ishara ya msalaba, akatoka.

Mzee akanigeukia taratibu. “Kijana, kwenu dada na kaka banaowana?”

Nikapayuka kwamba hawa si watu wa kweli, dunia yao yote ni ndoto, wamelala mahali wanaota tu. (Baadaye niliambiwa hiyo ndiyo hadithi yenyewe ya filamu; ndiyo tafsiri pekee ya haki niliyotoa siku ile, na hakuna aliyeiamini.)

Mzee akasimama, akavaa kofia. “Kama dunia yote iko ndoto, basi na ile posa yako iko ndoto. Kabugho, twende.”

Kabugho alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Wiki iliyofuata nikampelekea mzee mbuzi wa kuomba msamaha. Akafungua mlango kidogo, akanikazia macho, akauliza, “Iko weye kweli, ao ninaota?” Mbuzi alimpokea, mimi akaniacha nje.

Tangu hapo sigusi maikrofoni kabla sijaiona filamu mpaka mwisho, na watu wote wa filamu nawaita majina ya Kizungu, waoane wapendavyo.