Eufrasia na nyasi za Kitahana

Tangu jana nashika simu, naandika, nafuta. Eufrasia hatunaye, na mimi hata kulitamka hilo bado nashindwa.

Miaka ya tisini tulikuwa maofisa mifugo wawili Kibondo. Ofisi moja, pikipiki moja, na dereva alikuwa yeye.

Hakujua kutulia. Hata chai alikunywa amesimama, jicho liko dirishani.

Kiangazi kimoja ng'ombe wa Kitahana wakaanza kutetemeka. Wanayumba kama walevi, wanaanguka, wengine hawainuki tena.

Wote walikuwa wamelishwa bondeni, jirani na shamba la Mzee Nikodemu, aliyekimbia vita Burundi na familia yake. Watu wakasema amezitia nyasi dawa. Kijiji kikampa wiki mbili aondoke.

Jamani, niseme ukweli. Kikao cha kijiji kiliomba ripoti ya mtaalamu, na niliyeandika ni mimi. Niliandika kuwa ni sumu iliyowekwa na mtu. Sikupima chochote. Niliogopa watu. Niliiandika kwa mkono, bila hata jina, mhuri wa ofisi tu, na wakaibandika mlangoni kwa mtendaji.

Eufrasia aliisoma, akaniuliza taratibu, "Umesomea malisho miaka mitatu, halafu unaandika uchawi?"

Akaendesha pikipiki mpaka Kagerankanda, kule Kasulu, ambako Nikodemu hajawahi kukanyaga. Akarudi na mizigo ya nyasi za aina ileile. Akamlisha mtamba wake mwenyewe, zawadi ya baba yake.

Siku hizo alikuwa haishi kwenda bandani. Anatoka, anarudi, anatoka tena. Siku ya nne mtamba akatetemeka. Eufrasia akamkumbatia shingo, akalia.

Kisha akachubua ngozi ya bua, akaitia rangi ya buluu, akaniita kwenye hadubini. Ndani ya nyasi palikuwa na nyuzi nyembamba zimejipenyeza kila mahali. Ni kuvu. Huishi humo humo maisha yake yote, hulishwa na nyasi, nayo huzilinda kwa sumu zisiliwe. Kwa nje huoni kitu, nyasi ni kijani, zinapendeza. Kiangazi malisho mengine yakiisha, ng'ombe afanyeje?

Akaifunga hadubini kwenye pikipiki kwa kamba za mpira, akaipeleka kikaoni. Wazee wakachungulia mmoja mmoja. Mtamba naye, alipobadilishiwa chakula, akapona, wakaenda kumwona kwa macho yao.

Nikodemu akabaki. Wanawe leo ni raia, wanalima palepale.

Eufrasia akanitaka niende mwenyewe kumwomba mzee radhi. Nikasema nitakwenda. Miaka ikapita, kichwa kikaota mvi, sijakwenda.

Mwezi uliopita alinipigia kutoka hospitali, pumzi inamkatika, akauliza kama nimeshafika kwa mzee. Nikamjibu bado. Akasema, "Nenda, mwenzangu."

Leo asubuhi nimekwenda. Nimemkuta Mzee Nikodemu barazani kwake, macho yamefifia lakini akili kamili. Nikamwambia karatasi ile niliiandika mimi.

Akasema, "Nilijua. Mwandiko wako uko kwenye kadi za chanjo za mbuzi wangu. Nilikuwa nangoja uje."

Miaka yote hiyo alikuwa akinisalimia sokoni, ananiuliza hali ya watoto.

Eufrasia, nimefika. Ningefika ukiwa hai ningekupigia ucheke. Nisamehe, dada yangu. Ulale salama.