Mafuta ya Papa Kwenye Giaboksi

Mimi si mtu wa kutishwa na harufu. Miaka sita nilibeba kopra katika ghala moja la Bagamoyo, kopra iliyonyeshewa, ikaota ukungu, ikafuga funza wanene kama vidole vya mtoto. Nilipanga chumba na mtu aliyekuwa hana habari na maji tangu kuzaliwa. Hayo yote niliyavumilia nikicheka. Lakini mpaka leo mtu akinikaribisha papa wa nazi, hukumbuka ghafla kwamba nina mgonjwa nyumbani, nikaaga. Sababu ni giaboksi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mchana nilibeba magunia, jioni nilikwenda shule ya usiku, tukasoma kwa kandili moja watu ishirini, masizi yakitujaa puani hata ukipiga chafya unaweza kuandikia barua. Miaka mitatu nilivuta masizi hayo. Mwisho wake ulikuwa mtihani mmoja, Dar es Salaam, Jumamosi moja tu kwa mwaka, na mtahiniwa ambaye saa nane kamili mchana hajaingia mlangoni hakufanya. Karani wa ghala letu alikuwa anaacha kazi, na msimamizi aliniambia waziwazi: “Lete cheti, kiti hiki chako. Usipoleta, magunia unayajua yalipo.”

Jumamosi hiyo basi la alfajiri lilijaa likaniacha nimesimama na kalamu mfukoni, ndani ya shati jeupe la kuazima lililopigwa pasi hata ukosi ukakata kama wembe. Ndipo akatokea Nahodha.

Nahodha alikuwa mzee aliyeendesha jahazi mpaka magoti yakamkataa. Akauza chombo, akanunua pikapu kuukuu ambayo nadhani Nabii Nuhu aliishusha safinani ikiwa tayari imechakaa. Baharini alikuwa fundi. Nchi kavu aliendesha vilevile kama baharini: kulia na kushoto hakukujua, alijua joshini na demani, upande wa upepo na upande wa pili, na kila asubuhi kabla ya kutia moto alipapasa ubao wa bodi kutazama kama unavuja. Siku hiyo alichukua papa wa chumvi magunia manne, na debe moja la sifa kwa ajili ya nduguye aliyekuwa akitengeneza mashua Msasani.

Sifa, kwa asiyeijua na Mungu amzidishie kutoijua, ni mafuta ya maini ya papa. Maini hutiwa pipani yakaachwa juani yaoze, yayeyuke, ndipo mafuta yake yapakwe ubavuni mwa chombo ubao usinywe maji. Mdudu wa baharini akiyanusa hukimbia bila kugeuka nyuma. Mimi ningemfuata.

Mbele tulikaa watatu: Nahodha, bibi mmoja aliyekuwa akipeleka mikeka mjini, na mimi mlangoni.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona umependeza hivyo? Unaoa?”

“Nakwenda mtihani, bibi.”

“Kwa gari hili? Basi mtihani umeshaanza.”

Tulipopita Kerege giaboksi ikaanza kulia. Kwanza kama paka, kisha kama paka wawili wanaogombana, na tulipokaribia Mapinga ilikuwa soko zima. Kila gia iliyotiwa ikajichomoa yenyewe. Hatimaye ukasikika mlio wa kusaga mawe, gari likasimama. Niliinama chini nikaona kizibo cha giaboksi kimeanguka tusijue wapi, na oili yote imemwagika barabarani. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Mungu si Athumani, likatokea lori linalokwenda Bagamoyo. Dereva akasimama, akachungulia, akasema anayo oili ya giaboksi, galoni nzima, tuchukue tu, atakuja kurudishiwa siku nyingine. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono.

“Tunayo!” akasema Nahodha. “Nenda salama, baba.”

“Tunayo ipi, mzee?” nikauliza, lori likitokomea.

Akanyoosha kidole kwenye debe.

“Nahodha, hii ni mashine!”

“Wewe ulizaliwa lini? Mimi nimepaka sifa vyombo vilivyokwenda Lamu vikarudi. Kinachovuja hupigwa kalafati nyufa zikazibwa, kikapakwa sifa. Chombo ni hicho hicho, hiki kimezidi magurudumu tu.”

Akachonga kipande cha mti kwa kisu, taratibu, kwa mapenzi, saa nzima na zaidi, kama anayechonga mlango wa msikiti. Nguruzi hasa, kama ile inayoziba tundu chini ya mashua. Akaizungushia pamba ya kalafati, akanipa mimi. Magoti yake hayakuweza kuingia chini ya gari. Yangu yaliweza, na shati la kuazima likaingia nayo.

Nilikuwa chali mchangani, nguruzi mkono huu, jiwe mkono huu, nikitafuta tundu.

“Tayari?” Nahodha akauliza toka juu, ameshafungua sakafu penye mti wa gia.

“Bado!”

Alikuwa ameshamimina.

Sifa ilipita ndani ya giaboksi, ikaoga masizi yote ya tangu gharika, ikatoka tunduni vuguvugu, ikanipata usoni. Machoni, puani, na kwa kuwa nilikuwa nikisema “Bado”, kinywani. Ilikuwa nzito kama uji. Ikateremka shingoni ikapita chini ya ukosi, ikaenda mpaka kwenye mkanda, ikaweka makao. Nilipiga nguruzi ile kwa hasira hata nadhani iko huko mpaka leo. Kisha nikatambaa nikaenda kutapika chai ya asubuhi, chakula cha jana, na wali nilioula harusini mwaka uliopita.

“Haya, mwanamaji,” bibi akasema, ameziba pua kwa kanga. “Sasa umekomaa. Kaa mbali na mikeka yangu.”

Na gari likaenda! Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Likaenda kimya, gia zikaingia kama kisu kwenye siagi, Nahodha akaimba. Lakini tulipopanda baada ya Mto Mpiji giaboksi ikapata moto, na sifa ikachemka. Moshi ukatoka penye mti wa gia, wa njano, mnene, unanata mikononi. Macho yalitutoka machozi sote watatu kama wafiwa. Tulipofika Bunju, mbwa walitufuata. Tulipofika Tegeta, nzi. Hapo povu likazidi, gia ikanasa kwenye namba mbili, klachi nayo ikaanza kuteleza.

“Sisimami tena,” Nahodha akatangaza. “Nikisimama hatuondoki. Wa kushuka na aruke.”

Kwa mwendo wa mtu aliyeumwa mguu tukatambaa mpaka mjini. Nililiona jengo la mtihani, nikaruka, nikaanguka, nikainuka nina mchanga juu ya mafuta kama samaki aliyepakwa unga tayari kwa karai. Saa nane kasoro dakika tano.

Msimamizi wa mtihani, bwana mwembamba wa miwani, alitoka mlangoni na leso puani.

“Nini hiki?”

“Mtahiniwa, bwana.”

“Nimeuliza harufu.”

“Ndiyo mimi, bwana.”

Ndani wenzangu wakapiga kelele: “Akiingia huyo, sisi tunatoka!” Nilijinusa, na wallahi ningekuwa wao ningetoka kwanza. Nilijichukia mwili mzima. Nikaona magunia yananingoja. Nikamwambia bwana yule kwa sauti ya kulia kwamba nimesoma miaka mitatu, anikalishe hata chooni.

Akatazama saa, akatazama karatasi ya masharti. “Imeandikwa awe ameingia mlangoni,” akasema polepole. “Haikuandikwa aingie mzima.”

Basi meza ikawekwa kizingitini. Miguu yangu ilifanya mtihani ndani, pua yangu ikafanya nje. Nzi walitua kalamuni. Kila nilipogusa karatasi ililowa mafuta ikawa kama kioo, hesabu za ukurasa wa nyuma zikaonekana mbele, na aliyesahihisha lazima alisoma kurasa mbili kwa wakati mmoja. Nilitapika tena mara moja, kwa adabu, upande wa nje.

Nilifaulu. Miezi mitatu baadaye cheti kilikuja, na msimamizi wa ghala akanipa kiti. Shati nililizika.

Nikampelekea Nahodha cheti akione. Nilimkuta akimimina sifa kwenye giaboksi ileile, maana tangu siku hiyo hakutia kitu kingine. Kusoma hakujua. Akafuta mkono, akakipokea, akakipeleka puani, akavuta pumzi ndefu. Akanirudishia kwa huruma.

“Pole, mwanangu. Wamekupa cha mtu mwingine. Hiki hakinuki.”