Bata wa Uzazi wa Samah

Nafusa binti Abdelmaujud bin Shaaban, wa kijiji cha Kafr Sunta, Misri, si mtu wa kuandikwa magazetini, lakini asili yake haina doa. Babu yake Shaaban aliingia mferejini majira ya baridi akamtoa nyati wa jirani aliyekuwa akizama, na hakupokea hata bilauri ya chai. Mama yake, Hanem, alisomesha wana wawili kwa mayai ya kuku. Nafusa mwenyewe alifiwa na mume akiwa na mimba ya Samah, akamlea, akamwoza, na masufuria ya shaba, magodoro na kabati vyote vikatoka juu ya paa la nyumba, kwa bata na njiwa aliowafuga huko juu na kuwanenepesha kwa mkono wake. Mimi niliolewa na Fathi, mdogo wa mumewe. Tumeoka mkate tanuri moja tangu tukiwa wasichana, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona.

Kwetu binti akijifungua, mama yake humpelekea bata walionona, anywe mchuzi wake mpaka arobaini iishe. Mama asiyepeleka bata, wakwe wa bintiye watamsema mpaka kaburini. Samah alikuwa amekaa miaka bila mtoto, na mimba hii ndiyo ilikuwa ya kwanza. Basi Nafusa aliwalisha bata wale kama walivyotulisha mama zetu: anaroweka mahindi, anafungua mdomo wa bata, anayasukuma kwa kidole, kisha anajaza maji kinywani mwake na kumpulizia bata mdomoni. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo ndege wanavyolishwa.

Majira yale ya baridi ndipo ugonjwa wa ndege ulipoingia. Kuku walidondoka mapaani kama tende mbovu. Bwana mifugo akaja na vijana waliovaa nguo nyeupe mpaka nyusoni, wakajaza magunia, wazima kwa wagonjwa, na nyuma yao mtaa mzima ukilia. Walipofika kwetu, Nafusa alikuwa amewasukuma bata wake ndani ya tanuri lililopoa na kufunga mlango wake wa chuma. Akaapa kwa Mungu kwamba hana hata unyoya. Hapo bata mmoja akalia.

"Mama, hiyo sauti gani?" bwana mifugo akauliza.

"Tumbo la shemeji yangu," Nafusa akasema. "Tangu jana linamsumbua."

Fathi wangu akajishika tumbo, akakunja uso. Bwana mifugo akamtazama, akamwambia amwone daktari kabla hajataga. Vijana wakacheka, wakaenda zao. Na sisi tulicheka sana siku ile.

Bata wakabaki chumba cha tanuri. Samah naye alikuwa amekuja kwa mama yake kungojea uzazi, na kwa baridi ile alilala humo humo, juu ya benchi la udongo lenye joto. Nikatoka kwenda sokoni asubuhi moja. Niliporudi manyoya yalikuwa tayari kapuni. Bata mmoja alikuwa amepinda shingo, na Nafusa akawahi kisu, maana akifa mwenyewe ni mzoga, akichinjwa ni chakula. Samah ndiye aliyemnyonyoa, uso wake juu ya mvuke wa maji ya moto.

Homa ilimpata kabla wiki haijaisha. Tulipomfikisha hospitali, pumzi zake zilikuwa kama mivukuto ya mhunzi. Daktari, kijana mwembamba, akauliza kama nyumbani kuna ndege. Fathi akajibu haraka kwamba ndege wote walichukuliwa na serikali, amuulize yeyote. Daktari akarudia swali. Akasema ipo dawa ya ugonjwa ule, lakini inataka kuwahiwa, na mafua ya kawaida yana dawa nyingine. Kwa hiyo anataka kujua yuko mbele ya ugonjwa upi.

Nilijua Nafusa anawaza nini, kwa kuwa nami nilikuwa nawaza hilo hilo. Kiapo cha uongo. Faini, pengine jela. Na zaidi ya hayo, Kafr Sunta nzima ilikuwa imeficha ndege: chini ya vitanda, ndani ya mapipa, kwenye masanduku ya arusi. Akisema yeye, magunia yatarudi kwa kila mtu.

Samah akamshika mama yake ushungi. "Mama, usiseme," akanong'ona.

Nafusa akautoa mkono ule taratibu. "Daktari, nina bata. Niliwaficha tanurini na nikaapa uongo. Huyu alimnyonyoa mmoja aliyekuwa anaumwa."

Daktari hakumkemea. Alirudi nyuma hatua moja. Hatua ile iliniogopesha kuliko homa yenyewe.

Mlango ukafungwa. Wakaja waliovaa nyeupe, safari hii kwa ajili yetu. Wakatupitisha vijiti puani na kooni, sisi sote, hata muuguzi aliyekuwa amemshika Samah mkono. Daktari mmoja mama, aliyetoka Cairo, alitueleza bila kupaka asali: mpaka sasa ugonjwa unatoka kwa ndege kwenda kwa mtu, lakini siku utakapojifunza kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, hakuna mpaka wa nchi utakaouzuia. Alisema nchi za mbali zinangojea kusikia kama muuguzi yule atakohoa. Basi tukakaa tukisikilizana vifua. Fathi akikohoa tumbaku yake, wote tunageuka.

Muuguzi hakukohoa. Samah alipona. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, hakulia.

Magunia yalirudi kijijini, kama tulivyojua. Mama Wahdan, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alitema mate mlangoni kwetu na akakata salamu. Majira ya baridi yaliyofuata akaja kwa mlango wa nyuma, uso umempauka. Kuku wake wamekufa, na mjukuu wake alikuwa akiwachezea. Nafusa hakumuuliza salamu zilipotea wapi. Alivaa viatu. Mjukuu yule akafikishwa hospitali, akawahiwa kwa dawa, na tangu hapo kila baridi Nafusa akawa anapanda paa baada ya paa, akiuliza nani amefiwa na ndege.

Sasa magoti yamekataa ngazi. Na mwaka huu korongo wameonekana wamekufa kando ya mfereji, na redio inasema ugonjwa ule umeingia hata kwa ng'ombe, nchi za mbali. Jana Nafusa alimwita Samah, akamkalisha kwenye benchi lile lile la tanuri.

"Mapaa sasa ni yako," akamwambia. "Ila usianze kwa kuwauliza kama wana ndege. Wataapa, kama nilivyoapa. Waambie kwanza nilichokufanyia mimi mama yako. Ukimaliza, ndipo uulize."